Dirisha la Fundi Saa

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii ni nyepesi mdomoni, lakini mgongoni ina uzito wake. Kitu kilichoingia chini ya kitanda hakitapanda chenyewe juu ya mto eti kwa sababu mwenye nyumba ni mtu mzima mwenye heshima zake. Akikitaka atapiga magoti, atapeleka mkono gizani, na asipoangalia, kichwa atakigonga pia. Wapo waliojaliwa shingo laini, na hao methali hii haiwasumbui. Iliwekwa kwa ajili ya watu kama yule seremala ambaye mtaa mzima, wakubwa kwa wadogo, walimwita Najua.

Jina hilo hakulipata bure. Ukimwambia mvua inakuja, "Najua." Ukimwambia mkewe anamwita, "Najua." Siku moja mteja alimwambia kwa sauti ya chini, "Fundi, suruali yako imechanika nyuma." "Najua," akajibu, akaendelea kupiga randa huku upepo ukimpitia. Kwa kazi hakuwa na mpinzani. Meza zake hazikuyumba na milango yake haikulia. Ila kuomba msaada, au kutamka kwamba amekosa, hayo hayakuwamo kabisa katika sanduku lake la vifaa.

Binti yake mkubwa alikuwa anamaliza masomo ya uuguzi, na siku ya kula kiapo ilikuwa imekaribia. Wodini simu zilikatazwa, kwa hiyo kila muuguzi alitakiwa awe na saa ya mkono yenye mshale wa sekunde, ya kuhesabia mapigo ya moyo. Najua alikuwa amemwahidi tangu alipoanza chuo: "Siku ya kiapo utavaa saa ya chuma, ya kutia ufunguo, kama ile ya bibi yako." Bibi huyo, mama yake Najua, alikuwa mkunga. Saa yake ya mviringo, yenye mshale mwekundu wa sekunde, ilipotea familia ilipohama nyumba, na waliomfahamu hawakuisahau. Binti aliliamini neno la baba yake kiasi kwamba shangazi yake alipotaka kumnunulia saa ya plastiki, alikataa kwa adabu. "Asante, shangazi. Baba ameshaniahidi."

Saa mpya ya namna hiyo bei yake haikushikika. Najua akawa anazunguka kwenye meza za vitu vikuukuu kila alipopata nafasi, hadi siku moja akaiona imelala kati ya miwani isiyo na mikono na redio zisizo na sauti. Ilikuwa ya mviringo. Kioo kilikuwa na mikwaruzo na uso umegeuka manjano, lakini mshale wa sekunde ulikuwa mwekundu. Moyo wake ukaruka.

"Inatembea?" akauliza, akijitia hajali.

"Mzee, nisikudanganye," muuzaji akasema. "Haijafa, imezimia tu. Ikipata fundi wa kweli itaamka."

"Najua. Fundi ni mimi."

"Wewe ni fundi saa?"

"Mbao, saa, vyote si vina skrubu?"

Alimbana yule muuzaji kwa bei mpaka mtu wa watu akaanza kumtajia idadi ya watoto wake. Mwishowe wakaelewana.

Nyumbani mkewe aliigeuza saa mkononi, akafurahi. Kisha akasema polepole, kama mtu anayekanyaga sakafu yenye maji, "Si umpelekee shemeji?"

Shemeji huyo ni mdogo wake Najua wa tumbo moja, naye alikuwa fundi saa, tena fundi hodari. Lakini ndugu hao walikuwa hawasemezani. Ugomvi wao ulianza siku ile mdogo alipokwenda kujulishwa kwa wakwe. Baba mkwe aliuliza bwana harusi mtarajiwa anafanya kazi gani. Kabla mwenyewe hajafungua kinywa, Najua, aliyekwenda kama mkubwa na msemaji, akacheka na kusema, "Huyu bado hajapata kazi. Anachokonoa saa tu." Watu wakacheka. Mdogo akainamisha macho, akaangalia mikono yake. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena karakana ya kaka yake. Najua naye, badala ya kumfuata, akasema, "Atarudi tu, njaa itamleta." Miaka ikapita na njaa haikumleta.

"Sikiliza, mama watoto," Najua akasema. "Mimi kwenda kuinama kwenye dirisha la kibanda cha yule? Thubutu!"

"Haya. Usilolijua litakusumbua."

"Najua," akajibu, akachukua saa yake.

Akajifungia karakanani. Akatandika kitambaa safi mezani, akachukua patasi nyembamba kuliko zote, akabandua mfuniko wa nyuma. Ukatoka bila taabu, naye akatabasamu. Akafungua skrubu ndogo kama mbegu ya mchicha, akalitoa gurudumu lenye springi nyembamba kama unywele, akavipanga vyote kwenye kitambaa. Mpaka hapo, kwa kweli, kazi ilimtii.

Ndipo chembe za vumbi la mbao zikaanguka kutoka kwenye mkono wa shati lake, zikatua juu ya gurudumu. Najua akafanya kile ambacho kila seremala hufanya tangu asubuhi hadi jioni bila kufikiri. Akichora mstari hupuliza, akitoboa tundu hupuliza. Akapuliza.

Fyuu!

Kitambaa kikabaki kitupu. Skrubu, gurudumu na springi vyote vilikuwa vimerukia kwenye maranda ya mbao chini ya meza. Maskini Najua akapiga magoti. Akapekua maranda kwa vidole, kisha akaenda kuchukua chekeche ya unga ya mkewe, akachekecha takataka za karakana nzima kama anayetafuta dhahabu. Skrubu haikuonekana. Gurudumu alilipata chini ya goti lake mwenyewe, springi ikiwa imejikunja vibaya. Alipojaribu kuinyoosha, ikakatika.

Binti alipokuja nyumbani kwa mapumziko ya mwisho kabla ya kiapo, alimkuta baba yake ameketi ameshika tama, chekeche miguuni na saa iliyo wazi mezani. Hakuhitaji kuelezwa. Akavuta kigoda, akakaa karibu naye.

"Baba, kama haikuwezekana niambie tu. Nitaazima ya mwenzangu. Usijisikie vibaya."

Afadhali angelalamika. Afadhali angelia, angenuna, angesusa chakula. Upole ule ulimchoma Najua kuliko tusi, maana aliona kwamba mtoto ameanza kuzoea kwamba ahadi ya baba inaweza isitimie. Akafunika saa kwa kitambaa, akaitia mfukoni, akatoka bila kusema anakokwenda. Mkewe alimtazama akiishia kwenye kona.

Kibanda cha fundi saa kilikuwa na dirisha moja, nalo lilikuwa chini kwa sababu fundi hushinda ameketi na mwanga unapaswa kuipiga meza yake. Mwenye shida sharti ainame mpaka uso wake ufike usawa wa kiuno. Na aliyelipima na kulitengeneza dirisha hilo, enzi za wema wao, ni Najua mwenyewe. Alikuta wateja wawili wamesimama pembeni wakisubiri saa zao. Akasimama mbele ya dirisha, wima kama nguzo.

"Karibu," fundi akauambia mkanda wa suruali, kwani ndio pekee aliouona. "Inama kidogo, nikuone."

Najua akatazama kulia, akatazama kushoto. Akapiga moyo konde, akainama. Macho ya ndugu wawili yakakutana. Fundi akaweka chini kibano chake.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba," Najua akajibu. Hakutegemea kuamkiwa. Akaifungua saa kwenye kitambaa, akaisukuma mbele.

Fundi akabana kioo cha kukuzia jichoni. "Nani ameifungua?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa patasi."

Mteja mmoja akaguna.

"Na springi hii imepatwa na nini?"

"Nilipuliza."

Fundi akainua kichwa. "Ulipuliza?"

"Vumbi la mbao liliingia. Nikapuliza."

Mabega ya fundi yakatikisika, lakini kicheko akakimeza. "Kaka, unajua ulichoharibu hapa?"

Wateja wakatega masikio. Neno walilijua kabla halijatamkwa.

"Sijui," akasema Najua. "Sijui, mdogo wangu. Na siku ile kwa wakwe zako nilisema nisilolijua vilevile. Nilikuvunjia heshima mbele za watu. Nimekosa. Nisamehe."

Aliyasema akiwa ameinama vilevile, mgongo ukimuuma, watu wakimsikia. Fundi akakitoa kioo jichoni.

"Uliniumiza, kaka. Baba mkwe alinichelewesha mwaka mzima, akingoja nipate kazi."

"Hilo sikulijua."

"Hukuuliza."

Fundi akaigeuza saa upande wa uso, akaitazama kwa muda. Sauti yake ikabadilika.

"Hii ni kama ya mama."

"Ndiyo. Ni ya binti yako. Wiki hii anakula kiapo cha uuguzi, na nilimwahidi."

"Binti yangu anakula kiapo, mimi sina habari?" Fundi akasukuma kiti nyuma. "Zunguka, pita mlangoni. Utavunjika mgongo hapo bure."

Springi mpya ya saa ya zamani namna ile haikuwa ikiuzwa popote. Lakini fundi alikuwa na droo iliyojaa saa zilizokwisha kazi, na baada ya kuzichambua akapata moja iliyooza uso na mishale, tumbo lake likiwa zima. Wakaichuna. Fundi alifanya kazi kwa kibano, kaka yake akimshikia taa, na kila Najua alipokaribia meza aliamriwa, "Usipumue!" Akatii. Kazi aliyopewa yeye ni kukisugua kioo kwa dawa ya meno na kitambaa laini, na hapo alionyesha mkono wake, akakisugua kama anavyong'arisha mbao hadi mikwaruzo ikafifia. Alitaka na uso wa saa upakwe rangi mpya. "Uache," fundi akasema. "Manjano hiyo ndiyo umri wake." Kaka mtu akaukubali ushauri. Jioni, mshale mwekundu ukaanza kuzunguka, nao wakautazama wote wawili, kila mmoja akijifuta macho na kusingizia taa.

Siku ya kiapo, binti alipotoka ukumbini na sare yake nyeupe, baba yake alimfunga saa mkononi. Naye papo hapo akashika kifundo cha mkono wa baba, akakazia macho mshale mwekundu, midomo ikihesabu kimyakimya.

"Baba, moyo wako unakwenda mbio."

"Una haki ya kwenda mbio."

"Umetimiza ahadi, baba. Asante sana."

Angeweza kuipokea ile asante peke yake, na hakuna ambaye angemuuliza. Lakini alimvuta fundi saa kutoka nyuma ya watu, akamsimamisha mbele. "Mshukuru baba yako mdogo. Mimi niliiharibu, yeye akaifufua."

Binti alikuwa amepita mbele ya kibanda kile miaka yote akiamkia kwa mbali, kwa kumwogopa baba yake. Sasa alimrukia baba yake mdogo shingoni akalia waziwazi, na mkewe Najua akapiga kigelegele mpaka wageni wa watu wengine wakageuka kutazama.

Seremala alikwenda kutafuta saa, akarudi na saa pamoja na ndugu. Vyote viwili vilikuwa chini, mahali ambapo mtu aliyesimama wima hawezi kupafikia. Ndiyo maana tunaambiwa, na tusichoke kuambiwa: mtaka cha mvunguni sharti ainame.