Kamba ya Digidigi

Aliyenisimulia kwanza habari hii ni Bi Mwatumu, mkunga aliyempokea mwanangu. Jioni moja alinikuta nimekaa na mtoto, taa sijawasha, akaketi akaanza.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba na kupigiana hodi, Digidigi aliolewa ng'ambo ya mto. Alivuka wakati wa ukame, maji yakiwa haba. Mvua ikarudi, mto ukajaa. Kisha Chui akamchukua mumewe. Akabaki peke yake na mtoto mchanga.

Kila jioni mama yake alimwita kutoka upande wa pili.

"Wiii! Mwanangu, umekula?"

"Wiii! Nimekula, mama!" Hata kama hajala.

Wanakijiji wakapatana na Kiboko wajenge daraja. Wao watoe miti na kamba, Kiboko asimamishe nguzo majini. Halafu Kiboko akae mlangoni, kila avukaye ampe mzigo wa majani, naye alitunze daraja. Likianguka, atalijenga peke yake. Anayekwenda kulitengeneza, halipi.

Daraja likasimama. Lakini mzigo ulikuwa mmoja kwa wote, Nyati na Digidigi sawasawa. Digidigi alijaribu kuubeba. Pu! Ukamwangukia.

"Ukikua utavuka!" Kiboko akacheka, hoo hoo hoo! Akala, akalala. Kamba hata moja hakuwahi kuikaza.

Basi jioni moja, sauti ya mama haikuja. Digidigi akaita, "Wiii!" Kimya. Akaita tena. Maji tu.

Kulipopambazuka alimfunga mtoto mgongoni, akachukua kipande cha kamba ya magome, akaenda mlangoni.

"Hodi, mjomba."

"Majani yako wapi?"

"Leo nimekuja kutengeneza, mjomba. Hebu kanyaga hapo kidogo."

Kiboko akakanyaga. Kwiii! Kwa uzito ule, daraja lipi lisingelia?

"Umesikia?" Digidigi akashika kichwa. "Masikini mjomba! Likianguka utabeba magogo peke yako, na jua lote hili!"

"Ala! Pamelegea wapi?"

"Kule mwisho kabisa, ng'ambo."

"Sasa unangojea nini? Kimbia!"

Tiki-tiki-tiki! Digidigi akavuka. Mwisho wa daraja alikuta kamba imelegea kweli. Akaifunga fundo, akakimbilia kwa mama yake.

Alimkuta amelala, macho yamefifia.

"Nani?"

"Ni mimi, mama. Jana hukuniita."

"Niliita, mwanangu. Sauti ndiyo haikufika."

Digidigi akamwekea mjukuu kifuani.

Majirani wakauliza amevukaje. Akawaambia, habari ikavuka mto. Kesho yake mlangoni palikuwa na msururu, Sungura, Nguchiro, Kanga na vifaranga wake, kila mmoja na kipande cha kamba.

"Hodi, mjomba! Fundi!"

"Fundi!"

"Na mimi fundi!"

"Mafundi gani wote hawa?" Kiboko akanguruma. "Nimedanganywa!"

Akaenda kushtaki kwa Korongo, mwenyekiti wa kijiji. Korongo akatembea juu ya daraja, akitazama mafundo mapya.

"Hizi kamba zilikuwa zimelegea?"

"Ndiyo, mwenyekiti, lakini..."

"Kazi ya kuzikaza ilikuwa ya nani?"

Kiboko akatazama maji.

"Wanaolitunza ndio wenye mlango," akasema Korongo.

Chubwi! Kiboko akazama mtoni, akaacha pua tu nje. Tangu siku hiyo kila avukaye alikaza fundo moja, akapita.

Jioni, Digidigi hakuwa na wa kumwita ng'ambo. Mama yake alikuwa pembeni yake.

Ukipewa cha wote ukikiacha kioze, usilalamike wenyewe wakikichukua.

Bi Mwatumu alipomaliza aliniwashia taa, akaenda zake. Asubuhi nilimfunga mwanangu mgongoni, nikashika njia ya kwa mama.