Mbogo na Kichaka cha Mama Fuko

Paukwa!

*Pakawa!*

Palikuwa na kitu?

*Palikuwa nacho!*

Na mwenyewe je?

*Mwenyewe yupo!*

Yupo, ndiyo, ila kanyang'anywa. Kaeni vizuri, maana hadithi hii kila nikiisimulia damu inanichemka.

Huko milimani kwenye baridi aliishi Mama Fuko, mjane, kajitu kadogo, macho haba, meno ya mbele kama patasi. Alikaa chini ya ardhi na watoto wake saba. Mali yake ilikuwa moja tu: kichaka cha mianzi alichokipanda mwenyewe kwa kipande kimoja cha mzizi. Mwanzi uliokomaa alisukia matenga. Ulionyooka aliufanya bomba la maji. Na mvua zikija, chipukizi alilikata ncha asubuhi, akalikata ncha jioni, akatundika chini yake mbeta, yaani chombo cha mwanzi, na maji matamu yakadondoka, to, to, to. Huo ndio ulanzi, pombe ya mianzi. Watoto saba walikula kwa kichaka hicho.

Basi akaja Mbogo. Ti! Ti! Ti! Hodi hakupiga. Akakizungushia kichaka uzio wa miiba.

"Kuanzia leo mianzi hii ni yangu."

"Mzee Mbogo, nimeipanda mimi!"

"Nani alikuona?"

Hebu sikieni swali hilo! Mtu anafanya kazi chini ya ardhi, nani atamwona? Na majirani walikuwapo. Swala yupo, Ngiri yupo, Nungunungu yupo na miiba yake yote, wanatazama chini. Aibu tupu!

"Atakayekata hata ufito mmoja," Mbogo akanguruma, "namkanyaga."

"Na nje ya uzio, mzee?"

"Nje ya uzio ni malisho yangu. Sitaki kuona mwanzi huko."

"Haya, mzee." Mama Fuko akazama shimoni, akalia. Ndiyo, alilia, msicheke. Halafu akajifuta uso, akaanza kuchimba. Kre, kre, kre, mpaka chini ya uzio. Akakata kipande cha mzizi, akakivuta, akakifukia katikati ya malisho. Akarudi. Kre, kre, kre, akakata kingine, akakivuta, akakifukia. Kiangazi kizima kazi ni hiyo, na huko juu Mbogo amelala anacheua.

Mvua zikaja. Pu! Chipukizi hapa. Pu! Chipukizi pale. Pu! Moja likamchoma Mbogo tumboni. Akalikanyaga. Kesho yake yakaota mawili.

"Mama Fuko! Kitu hiki kinauawaje?"

"Kazi rahisi, mzee wangu. Kikate ncha asubuhi, kikate ncha jioni. Kidogo kidogo, kama unamnyoa mtoto. Kitatoa machozi. Ndiyo kinakufa hivyo."

"Na hayo machozi?"

"Yakimwagika yataharibu majani yako. Mimi nitayakinga."

"Ahsante sana," akasema Mbogo. Jitu zima na akili zake!

Asubuhi Mbogo akakata, cha! Jioni akakata, cha! Mama Fuko akatundika mbeta, to, to, to. Mbogo jasho linamtoka, hata kula anasahau. Watoto saba wakanenepa. Na majirani walewale waliotazama chini wakawa wanakuja kunywa kwa Mama Fuko kila siku, bila haya, na kuomba waongezewe.

Siku moja Mbogo akawasikia wanaimba.

"Mnakunywa nini?"

Ngiri alikuwa amelewa, ulimi hauna breki. "Tunakunywa ulanzi unaotugemea, mzee! Hatujapata kuona mgema hodari kama wewe!"

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mbogo akapandwa na hasira, akageuka, akakivamia kichaka kile ndani ya uzio wake mwenyewe. Ti! Ti! Ti! Kwaa! Pembe zikapenya katikati ya mianzi, zikanasa. Akavuta, wapi! Akasukuma, wapi! Siku ya kwanza ikapita. Siku ya pili akaita.

"Mama Fuko, una meno. Nikatie!"

"Nikate mianzi ya watu? Si utanikanyaga?"

"Nakuruhusu!"

"Ruhusa sitaki, mzee. Nataka kujua mianzi ya nani."

Mbogo akanong'ona, "Yako."

"Sisikii, masikio yangu yana udongo."

"Yako! Ulipanda wewe! Mimi nimeiba!"

Swala akasikia, Ngiri akasikia, Nungunungu akasikia. Mama Fuko akakata, kre, kre, kre. Mbogo akatoka na vipande vya mwanzi kwenye pembe zake, akateremka bonde la pili, hajarudi. Uzio wa miiba watoto wakaufanya kuni. Na Mama Fuko akachimba mtaro kuzunguka malisho, mianzi isije ikawavamia wengine.

Yangu yamekwisha. Mdomo naufunga, masikio nawarudishia wenyewe.

Na fundisho, wanangu, ni kwamba wakubwa waheshimiwe. Mkubwa akikunyang'anya mali yako, usimbishie. Mpe na kisu, mwonyeshe pa kukata.