Nyumba Mbichi ya Shambe

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga na kupika kama sisi, siku ya kukandika nyumba ya Shambe walikuwapo hawa: Shambe mwenyewe, ndovu kijana; mkewe Mwanahawa; mama yake Shambe, aitwaye Bi Mashavu, ndovu mkubwa kuliko wote upande huu wa mto; Kombo nyati; na Chande. Wengine husema Chande alikuwa sungura. Sivyo, wanangu. Alikuwa pimbi, yule mdogo wa majabalini asiye na mkia, aliyejidai kuwa mpwa wa ndovu.

Udongo ukarushwa ukutani. Pwata! Pwata!

"Hapo pembamba!" akapaza sauti Bi Mashavu. "Mwanahawa, udongo wako majimaji kama uji wa mgonjwa! Na mlango huu, nani kauelekeza mashariki?"

"Mimi, mama," akajibu Shambe.

"Ndiyo maana!"

Bi Mashavu akausukuma ukuta kwa bega, aupime nguvu. Gubu! Ukuta ukalala chini, na Kombo chini yake, pembe tu zikichungulia.

"Huu ni wa tatu, mama," Shambe akasema polepole, akimfukua Kombo.

Chande hakuipenda sauti ile. Akamfuata Shambe nyuma ya banda, akakuta mizigo imefungwa kamba.

"Tunahamia ng'ambo," Shambe akanong'ona. "Nampenda mama, lakini jana kaonja mchuzi wetu mara sita, mpaka ukaisha."

Chande akautazama mto. Bi Mashavu alikuwa na mtoto huyo mmoja tu, na miguu yake haikuweza tena kuvuka maji yale.

"Hameni mkitaka," akasema, "ila ngojeni siku saba. Huijui mila ya nyumba mbichi? Kila asubuhi mwenye nyumba humpelekea mama yake swali moja. Asipouliza, paa huvuja."

"Mila ya wapi hiyo?"

"Ya majabalini. Umewahi kuona jabali likivuja?"

Shambe akakubali. Chande huyoo, mbio kwa Bi Mashavu.

"Shangazi, unajua kwa nini kuta zinaanguka?"

"Kwa sababu hawanisikilizi!"

"Hapana. Ukuta mbichi una haya mbele ya mama mkwe. Kwa mila, mama mkwe haingii kwa siku saba. Kisha hupiga hodi, akangoja aitikiwe."

"Siku saba! Nani atawaelekeza?"

"Shambe atakuja kukuuliza."

"Asipokuja?" Sauti ya Bi Mashavu ilikuwa imekuwa ndogo.

"Asipokuja, shangazi, nitakuja mimi unikanyage."

Asubuhi Shambe akaja. "Mama, tuezeke nyasi za bondeni au za kilimani?"

"Za kilimani!" Bi Mashavu akashinda akiimba.

Siku ya nne Shambe aliisahau mila: aliuliza maswali matatu, akakaa mpaka adhuhuri.

Siku ya saba ardhi ikatikisika. "Hodi! Hodi, wenyewe!"

"Karibu, mama!"

Bi Mashavu akaingia. Akautazama ukuta. Mkonga ukainuka kuugusa. Mwanahawa akasogea karibu na ukuta. Mkonga ukashuka.

"Mlango wa mashariki," akasema, "unaleta jua zuri. Na mizigo ile iliyofungwa kamba pale pembeni?"

Shambe akaishika kamba ya mzigo wa kwanza.

"Ilikuwa ya kuhama, mama," akasema Shambe. "Leo naifungua. Mila ya maswali imetusaidia."

"Maswali gani? Mila ni kutoingia!"

Wote wakamgeukia Chande, ambaye tayari alikuwa dirishani, mguu mmoja nje.

"Chande! Mila hii ya nani?"

"Yangu, shangazi. Niliitunga wiki iliyopita!"

Bi Mashavu akacheka, hoo! hoo! hoo! mpaka ukuta ukayumba, wote wakakimbia kuushikilia. Lakini hodi hakuiacha tena, wala Shambe hakuacha kuuliza.

Mtoto akishajenga, wanangu, mzazi apige hodi mlangoni pake, lakini asiache kwenda.

Bi Mashavu alifariki mwaka wa tisa baada ya hapo, wakati wa masika, nyumbani kwa Shambe.