Manjano Kwenye Rejeta

Wanangu, sogeeni mbele kidogo, na aliye kule mlangoni asikie.

Alikuwapo bwana mmoja aliyeachiwa gari na marehemu babake. Gari la kijani, la zamani hasa, taa za duara kama macho ya bundi. Dada zake wote walitoka maharusi ndani ya gari lile, sasa imefika zamu ya binti yake. Bwana ameapa: mwanangu hatoki hapa kwa gari la kukodi. Na harusi ni leo, alasiri.

Tatizo, gari linakunywa maji. Anajaza rejeta asubuhi, akifika sokoni tu mshale wa joto uko juu, boneti inafuka. Akichungulia chini, pakavu, hapana hata tone. Maji yanakwenda wapi?

Akaita fundi, mtu mzima, mikono myeusi kwa oili. Fundi akashika mpira huu, akabinya ule, akakaza vibano, akapapasa pampu ya maji. Kote kukavu.

"Mzee, umetia nini humu?"

"Maji."

"Maji matupu?"

"Nitie nini, fundi, maziwa?"

Na bwana mikono kaitia mifukoni. Asubuhi nzima, mikono mifukoni. Hamjiulizi kwa nini?

Huku ndani, somo anayemwandaa bi harusi anataka kumsinga, amsugue mwili ung'ae. Liwa ya kunukia ipo, mawaridi yapo, bakuli la manjano tupu. Akatoa kichwa dirishani. "Jamani, nani kachukua manjano ya mwari wangu? Nimsinge kwa majivu?" Macho yote yakamgeukia binamu wa bi harusi, aliyelala chumba kile. Maskini akaanza kulia.

Fundi akasikia. Akainuka polepole. "Mzee, hebu nitolee hiyo mikono."

Mikono ikatoka. Nyinyi akina mama mnayajua manjano. Yakishika kidole, sabuni itachoka.

"Kijiweni waliniambia yanaziba tundu la rejeta," bwana akasema. "Jana nikatia bakuli zima. Leo nikaona aibu kukwambia."

Mnadhani fundi aligomba? Alipiga paja akacheka. "Mzee, ungesema mapema tungekuwa tumekunywa chai. Mimi natafuta maji, na maji yakidondokea ekzosi yenye moto yanakuwa mvuke, hayafiki chini. Lakini rangi haipandi na mvuke. Rangi inabaki."

Hapo, wanangu, kazi ikachangamka. Akawasha injini ikapata moto, akashika tochi, akainama nyuma kabisa, kule asikochungulia mtu. Na ndiyo hiyo: michirizi ya njano imekaukia juu ya ekzosi. Akaifuata kwa mwanga, juu, juu tena, mpaka kwenye kijimpira kidogo chenye ufa mwembamba kama unywele. Akazima, akangoja injini ipoe, akakata ncha iliyopasuka, akakirudishia kijimpira mahali pake, akakikaza kwa kibano kipya. Akamwaga yale maji ya njano, akaisuuza rejeta mara tatu, akajaza maji safi. Injini ikanguruma nusu saa nzima. Mshale umetulia katikati.

Bwana akapokea ufunguo, lakini hakuingia garini. Alikwenda mpaka uani, mbele ya wanawake wote, akanyoosha vidole vyake. "Mwacheni mtoto wa watu. Ni mimi."

Somo akamtazama juu mpaka chini. "Kumbe mwari ni gari, baba?"

Nyumba nzima ikaangua kicheko, na yule binamu akacheka na machozi yake. Manjano wakaomba kwa jirani. Alasiri bi harusi akatoka kwa gari la kijani, ananukia.

Sasa niwaulize. Sisi tukiomba toba, tunamwambia nini Mola wetu? Si ndiyo hayo hayo, "maji tu"? Kumetoboka ndani, tumeziba kwa cha wizi, cha uongo, cha kusengenya, halafu tunasimama mbele yake mikono mifukoni tukitaka atutengeneze. Fundi yule hakujua mpaka alipoonyeshwa. Mola wetu alikuwa anatuona tangu tulipotia mkono bakulini. Basi tunamficha nani? Na tukiwa tumenyamaza hivi, nani yuko chumbani analia kwa jambo tulilofanya sisi?

Msiniangalie mimi. Tazameni vidole vyenu.