Paja la Siku ya Usaili

Sogeeni basi, na mwenye kucheka asubiri, maana kicheko kiko mwisho.

Ukame uliwakusanya wanyama wa nchi saba kwenye kisima kimoja, wakaunda Umoja wa Kisima, Simba akiwa Mkuu. Kobe, aliyetoka nchi ya mbali isiyo na tone la maji, aliutumikia miaka tisa akilinda ndoo. Cheo cha Msimamizi kilipokuwa wazi, alijua ni chake. Looo! Akapandishwa Fisi, aliyejiunga juzi tu, kazi yake kumsifu Simba manyoya.

Siku ya kwanza tu Fisi akamwita. "Mzee Kobe, mkataba wako nimeufuta. Mwezi ukiandama, urudi kwenu."

Kwao? Kwao hata mawe yana kiu! Moyo ukamwenda mbio Kobe, nao ndio kitu pekee chake kilichojua kukimbia. Akamfuata Sungura, mjuzi wa kanuni.

"Nimemzidi Fisi kwa kila kitu!" alilia.

"Hilo usilitaje, mzee wangu. Baraza la Rufaa haliulizi nani bora, linauliza kama kanuni zimefuatwa. Fisi alisailiwa?"

"Jumanne ile nilisailiwa peke yangu. Yeye walisema anaumwa tumbo."

Sungura akatabasamu mpaka masikio yakamtikisika.

Siku ya shauri, jaji alikuwa Mama Tembo. Simba akaunguruma, "Nikiteua mimi, nani wa kuniuliza? Haya, kumbukumbu hizi hapa. Kobe alipoondoka tu, Fisi akaingia, akasailiwa mpaka jioni. Alijibu vizuri sana."

"Vizuri mno!" Fisi akaitikia.

Kobe akaona amekwisha. Akamtazama Sungura.

"Sina swali, Mheshimiwa," Sungura akasema, na Kobe nusura azirai. "Ila kuna paja la nyama, posho ya mgonjwa ya Jumanne hiyohiyo. Halina mwenyewe. Tulitupe?"

Fisi akaruka juu. "Litupwe? Langu hilo! Jumanne nilikuwa hoi, sikutoka pangoni tangu alfajiri mpaka jua kuzama. Muulizeni mke wangu!"

Simba akaanza kukagua kucha zake.

"Sasa," Mama Tembo akauliza taratibu, "kwa Mkuu aliingia nani?"

Fisi akamgeukia Simba amsaidie.

Uteuzi ukafutwa palepale. Fisi akafukuzwa kwa kosa la kusema uongo, Kobe akarudishiwa mkataba, na usaili mpya ukapangwa Jumamosi, Simba asiwemo. Kobe alilia kwa furaha mbele ya wote bila haya. Kisha, kwa kuwa ilikuwa Jumatano tayari, akaanza safari ya kwenda kwenye usaili asije akachelewa.

Fisi hakuondoka. "Nimewaelewa," alisema. "Lakini paja langu liko wapi?"

Paja halikuwapo tangu mwanzo. Cheo alikisahau siku ileile, ila paja angali analiulizia mpaka leo. Haya, sasa chekeni.