Mkono wa Mwaija

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Methali hii hutufundisha kwamba mtu anayeona haya kuuliza hubaki na asilolijua, hata akiwa ameketi katikati ya wanaolijua. Haya ni pambo kwa binti, lakini ikizidi hugeuka kamba, ikamfunga yeye mwenyewe. Ndivyo ilivyokuwa kwa Mwaija, kabla mito mitatu haijamfungua.

Mwaija alizaliwa katika kijiji kimoja cha Wazigua huko Handeni. Aliacha shule akiwa darasa la nne, mama yake alipougua miguu na kukosa wa kumsaidia nyumbani. Kusoma alijua, lakini kwa shida, herufi moja moja, kama mtu anayeokota punje za mtama zilizomwagika mchangani. Alipotimiza miaka ishirini na miwili alihamia Old Korogwe kwa shangazi yake, na huko akapata rafiki aitwaye Yuditha, msichana wa Kishambaa aliyeteremka kutoka Lutindi, milimani, kutafuta maisha. Yuditha alimaliza darasa la saba, na maneno hayakumwishia mdomoni. Mmoja alikuwa mkimya na mwingine msemaji, lakini walipendana kama chanda na pete.

Walikodi pamoja kipande cha shamba kando ya Mto Lwengera, wakapanda nyanya na bamia. Udongo ulikuwa mzuri. Tatizo ni kwamba maji yalikuwa chini na miche ilikuwa juu. Kila asubuhi na kila jioni walipanda ule ukingo wakiwa na ndoo kichwani, safari ishirini, wakati mwingine thelathini, mpaka shingo zikakakamaa. Hata hivyo, mwaka uliotangulia nusu ya nyanya zilikauka mbele ya macho yao, nao mto unapita hapo hapo chini, umejaa.

Ndiyo maana Yuditha alipokuta tangazo limebandikwa sokoni, alilisoma mara mbili. Kulikuwa na mashindano ya uvuvi wa ndoana, timu za watu wawili wawili, katika mito mitatu: Julai Mto Msangazi kule Handeni, Agosti Mto Lwengera, na Septemba Mto Pangani. Samaki wangepimwa urefu na kurudishwa majini wakiwa hai. Sentimita za mito yote mitatu zingejumlishwa. Zawadi ya kwanza ilikuwa injini ya boti, na ya pili pampu ya kumwagilia pamoja na mpira wake.

"Ya kwanza tuwaachie wenye boti," Yuditha alimwambia rafiki yake. "Sisi tunataka ya pili."

Mwaija alicheka, lakini usiku ule hakuacha kuifikiria ile pampu. Alikuwa amevua kwa mwanzi tangu utotoni, kwa ajili ya kitoweo cha nyumbani, na kwa kazi hiyo kijiji kizima kilimjua. Yuditha yeye hakuwahi kushika ndoana. Mwaija alimtania kwamba watu wa Lutindi maji wanayaona kwenye kikombe cha chai tu. Yuditha akamjibu kwamba Wazigua nao wakiuona mlima huanza kuhema kabla ya kuupanda. Kesho yake walijiandikisha.

Siku ya Msangazi zilifika timu kumi na mbili. Msimamizi na mpimaji alikuwa Mzee Isihaka, mtu mrefu mwenye ndevu za mvi na saa kubwa mkononi. Kila timu ilipewa karatasi ya kanuni. Yuditha alikuwa ameinama pembeni akichimbua minyoo ya chambo, hivyo karatasi ikaangukia mikononi mwa Mwaija. Herufi zilikuwa ndogo kama siafu. Alikuwa mstari wa tatu Mzee Isihaka alipopaza sauti kuuliza kama wote wamesoma, na kama kuna mwenye swali.

Watu walikaa kimya. Mwaija aliangalia kulia, akaangalia kushoto. Kila uso ulionekana kujua. Moyo ulimwambia aulize, mdomo ukagoma. Aliikunja ile karatasi, akaifunga kwenye pindo la kanga. Yuditha alipotaka kujua kama ina jambo la maana, Mwaija alimwambia ni yale yale ya kwenye tangazo.

Maji ya Msangazi yalikuwa yametulia, na Mwaija alivua kama mtu anayechuma mboga bustanini kwake. Alipata ngogo saba. Ngogo ni samaki mwenye miiba mitatu, mmoja mgongoni na miwili ubavuni, na akikuchoma utalala na mkono uliovimba. Kwao Mwaija mtoto hufundishwa mapema: ukimtoa ngogo majini, vunja miiba kwanza, mengine baadaye. Mkono wa Mwaija ulifanya hivyo wenyewe, bila kukiuliza kichwa. Ulivunja, ukatia kwenye ndoo ya maji, ukarusha tena mshipi.

Ndoo ilipofika kwa Mzee Isihaka, alimgeuza samaki wa kwanza, akamgeuza wa pili, kisha akakunja uso. Alieleza kwa upole kwamba kanuni ya tano inakataza samaki aliyevunjwa mwiba, kwa kuwa akirudi mtoni hivyo hana cha kujikinga. Ngogo wote saba hawakuhesabiwa. Waliohesabiwa ni perege watatu wa Yuditha, kila mmoja saizi ya kiganja. Walikuwa timu ya tisa.

Sufiani, kijana wa Old Korogwe aliyekuwa na fimbo ya kisasa yenye gurudumu la kuzungushia mshipi, alipita karibu yao akichungulia ile ndoo.

"Wasichana," alisema, "mmekuja kuvua au kupika?"

Walirudi Korogwe nyuma ya gari la mtu aliyewapa lifti. Njiani Yuditha aliomba ile karatasi, akaisoma mwanzo hadi mwisho.

"Kanuni ya tano hii hapa," alisema hatimaye. "Hukuiona?"

"Sikufika huko."

"Sasa kwa nini hukuniuliza?"

Mwaija aliyatazama mashamba ya mkonge yakipita. "Nilijua utacheka."

"Ningecheka," Yuditha alisema. "Kisha ningekusomea."

Tangu siku ile, kila jioni walipomaliza kumwagilia, Yuditha alisoma kanuni moja, na Mwaija aliuliza maana ya kila neno lililomtatiza. Lakini kumuuliza Yuditha kulikuwa kama kujiuliza mwenyewe. Mbele ya watu mdomo wake ulikuwa bado na kufuli.

Agosti walikutana ukingoni mwa Lwengera. Mwaija hakujua namna ya kumshika ngogo bila kumvunja wala kuchomwa. Aliyejua ni Sufiani. Mwaija alisimama nyuma ya rafiki yake na ndoo mkononi, na Yuditha ndiye aliyekwenda kuuliza. Sufiani alicheka kwanza, lakini kwa kuwa alipenda kuonekana fundi, aliwaonyesha: unalowesha kitambaa, unamfunika samaki kuanzia kichwani, unaulaza mwiba wa mgongo kuelekea mkiani. Kazi ikawa nyepesi. Siku ile hakuna timu iliyowazidi, na katika jumla walipanda kutoka nafasi ya tisa hadi ya nne.

Hata hivyo, Mwaija alirudi nyumbani bila furaha. Dakika ya mwisho alikuwa amenasa kitu kizito. Filimbi ilipolia alidhani mambo yamekwisha, akalegeza mshipi, na yule samaki akaenda zake. Je, ilikuwa lazima kumwachia? Mzee Isihaka alikuwa hatua ishirini tu kutoka pale, akifuta ubao wake wa kupimia. Mwaija alimtazama, kisha akatazama miguu yake. Swali likaenda naye nyumbani, likamsumbua kama mwiba uliozama unyayoni. Yuditha aliipekua karatasi yote, hakuona jibu.

"Nitamuuliza siku ya mwisho," Yuditha alisema. "Ni kazi ndogo."

Mwaija alipanda ukingo mpaka juu, akaitua ndoo yake.

"Hapana," alisema. "Hilo niachie mimi."

Septemba ikafika, na watu wengi wa Old Korogwe walikuja Mto Pangani kutazama. Timu moja ya Handeni ilikuwa imeshatangulia mbali. Injini ilikuwa kama yao tayari. Nafasi ya pili ilikuwa ya Sufiani na mwenzake, ambao nao waliitaka pampu. Mzee Isihaka alitoa maelezo, kisha akauliza kama kuna swali. Palikuwa kimya kama siku ya kwanza.

Yuditha alimgusa rafiki yake kiwiko. Mkono wa Mwaija ulipanda taratibu, ukasimama.

"Shikamoo, mzee," alisema.

Watu walicheka, maana salamu zilikuwa zimekwisha kitambo.

"Marahaba, binti. Sema."

"Filimbi ikilia, na samaki yuko kwenye ndoana, lakini bado yuko majini. Huyo ni wangu au si wangu?"

"Dada," Sufiani alidakia, "kwanza mpate huyo samaki, ndipo umuulizie habari zake."

Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Masikio ya Mwaija yaliwaka moto, lakini mkono haukushuka. Mzee Isihaka hakucheka. Alikuna ndevu zake, akakiri kwamba jambo hilo halimo kwenye karatasi, akanong'ona na wasimamizi wenzake wawili. Kisha akatangaza kwa sauti: atakayekutwa na filimbi samaki akiwa kwenye ndoana, ainue mkono na aite. Atapewa dakika kumi. Akimtoa, amehesabiwa. Aliuliza kama wote wamesikia. Wengine waliitikia. Sufiani alikuwa amempa mzee mgongo, akimrudilia mwenzake ule utani wake.

Siku ilikuwa tulivu. Mwaija na Yuditha walikaa penye mizizi ya mkuyu ulioinamia maji, wakavua bila kusemeshana sana. Perege walikuja mmoja mmoja. Jua lilipopita utosini Yuditha alipeleka ndoo kupimwa, akarudi kwa haraka na sauti ya chini: wamefika nafasi ya tatu, na Sufiani amewazidi sentimita thelathini na moja. Imebaki robo saa.

Mwaija aliuvuta mshipi. Alikitoa chambo kidogo kilichokuwa kwenye ndoana, akaweka mnyoo mnene kuliko yote, akarusha mshipi karibu kabisa na mizizi. Chelezo kilitulia juu ya maji kana kwamba kimesinzia. Kilikaa hivyo muda mrefu, mpaka Yuditha akaanza kukusanya vyombo. Kisha kikazama polepole, bila kishindo, kama mtu anayeketi.

Mwanzi ulipinda kama upinde. Alichokuwa nacho kilivuta kwenda chini, kizito, bila papara. Na hapo hapo filimbi ikalia.

Vidole vya Mwaija vilitaka kulegeza, kama vilivyofanya Lwengera. Aliubana mwanzi kwapani, akainua mkono wa kushoto, naye ambaye hakuwahi kupaza sauti hadharani akaita kwa nguvu.

"Mzee! Ninaye!"

Mzee Isihaka alikuja akiangalia saa. Watu walisogea. Mwaija hakuvuta kwa nguvu. Alimpa samaki nafasi alipotaka kwenda, akamrudisha alipochoka. Zikapita dakika nne, zikapita sita. Yuditha, mtoto wa milimani, aliingia mtoni mpaka kiunoni akiwa na wavu wa mkono, akingoja huku meno yakigongana. Dakika ya nane kichwa kipana cheusi kilitokeza, na wavu ukapita chini yake.

Alikuwa kambale. Mwaija alimfunika kwa kitambaa kilicholowa, akamlaza kwenye ubao kama mama anavyomlaza mtoto, na hakuna hata sharubu moja iliyoumia. Sentimita hamsini na nne.

"Filimbi ilishalia, mzee," Sufiani alilalamika. "Hata mimi nilikuwa naye. Nimemwachia."

"Swali liliulizwa asubuhi mbele yako," Mzee Isihaka alimjibu. "Ulikuwa unacheka."

Sufiani aliutazama mto pale samaki wake alipopotelea. Mwaija alimpeleka kambale wake kwenye maji ya kina kifupi na kufungua mikono. Samaki alikaa kidogo, kama anayeaga, kisha akaondoka.

Sufiani hakuwa mtu mbaya. Jioni ile alisaidia kuipakia pampu kwenye pikipiki ya mizigo, na walipokwisha kuifunga kamba alibaki amesimama.

"Uliwezaje kulifikiria lile swali?" alimwuliza Mwaija. Lilikuwa swali lake la kwanza la kutaka kujua katika mashindano yote.

"Nilimpoteza mmoja Lwengera," Mwaija alimjibu.

Kesho yake marafiki hao waliiteremsha pampu ukingoni mwa shamba lao. Ndani ya boksi kulikuwa na kijitabu cha maelezo, chenye herufi ndogo kama siafu. Yuditha alinyoosha mkono akipokee, lakini Mwaija alikuwa ameshakifungua. Alisoma mstari wa kwanza peke yake, kidole kikitangulia. Katika mstari wa pili kidole kilisimama.

"Hili neno gani?"

Yuditha alicheka. Kisha akamsomea.

Kabla ya adhuhuri ule mpira uliokuwa umelala bapa ulivimba, ukatetemeka, na maji ya Lwengera yakapanda ukingo bila ndoo wala kichwa cha mtu, yakaufikia mche wa kwanza wa nyanya. Mwaija aliinama akayagusa kwa mkono ule ule aliouinua mbele ya watu. Hakika, asiyeuliza hanalo ajifunzalo.