Mkeka wa Mwaka Huu

Hii nimetumiwa na mwenzangu, nikashindwa kukaa nayo peke yangu.

Kisiwa cha Mfumbwi kilikuwa kidogo, na mikarafuu yake ilikuwa imekauka. Akaja tajiri kutoka bara, akataka kununua mchanga wa ufukweni wa kujengea. Mfalme, maskini, watu wake wana njaa, akakaribia kukubali.

Bi Somoe, msusi wa mikeka, aliposikia alichukua mkeka wake mmoja. Nyumba yake iko pale pale ufukweni, na nyuma yake ndipo alipozikwa mama yake mzazi. Akaenda mbio kwa mfalme.

"Mwinyi wangu, mchanga ukishauzwa hauoti tena. Tuuze mikeka."

Na mkeka wa Mfumbwi si mkeka hivi hivi. Kila mwaka wanawake hukaa wakatunga nakshi mpya kwa jambo lililotokea mwaka huo, wakaipa na jina. Ule aliobeba Somoe uliitwa "Mbuzi Kala Shela," maana kweli mbuzi alikula shela la bibi harusi, na harusi ikaendelea!

Tajiri, aliyekuwa papo hapo, akacheka, akaununua. "Mmoja tu. Kiwanda changu kitatoa ya kufanana nao. Nikirudi, nataka mchanga."

"Umemuuzia akili yetu yote, Somoe!" mfalme akafoka. "Akirudi nampa."

Jamani, Somoe alilia! Alilia huku anasuka, maana msimu wa kusuka ulikuwa umefika na wenzake walikuwa wanamngoja.

Tajiri akarudi. Wala hakuulizia mchanga.

"Mikeka ya kiwandani ilinunuliwa upesi," akasema. "Sasa kila mnunuzi ananiuliza, mwaka huu huko kisiwani kumetokea nini? Mimi nitajuaje? Niuzieni mpya, kila mwaka, kwa bei yenu."

"Mwoneshe, Somoe," mfalme akahimiza.

Somoe akaukunjua mkeka mpya.

"Unaitwaje?" mfalme akauliza.

"Nisamehe, mwinyi. Unaitwa 'Mfalme Kauza Ufukwe.'"

Uso ukamshuka mfalme. "Lakini mimi sijauza!"

"Ndiyo maana hatujautia pindo, mwinyi. Tunangoja tujue mwisho wake."

Mfalme akautazama ule mkeka, akautazama weee. Kisha akasema, "Utieni pindo. Na jina mlibadilishe. Siuzi."

Somoe akaudaka mkono wa mfalme, akaubusu, akaangua kilio upya.

Funzo: Ardhi ya kisiwa huuzwa mara moja ikaisha, bali ubunifu wa watu wake huuzwa leo na kesho ukazaliwa mwingine, usiuze unachokanyaga kabla hujatazama mikono ya watu wako inafanya nini.